Koti la Marehemu

Wiki nzima hamkunipa nafasi ya kupumua. Mmoja kanisimamisha nikiwa na mswaki mdomoni. Mwingine kanigongea dirisha, eti hataki mengi, nimwambie tu nani aliingia pale mlangoni Bwana Tai alipopiga kelele, "Haya, mwacheni aingie huyo anayesemwa amekufa."

Tulizeni roho. Lililoingia lilikuwa koti.

Koti la kijani, jipya, lina ukanda wa kung'aa mgongoni, na kifuani limedariziwa kwa uzi mweupe: MZEE TOROLI. Fundi alilitambua kabla hajamwona aliyelivaa. Alilishona mwenyewe, dukani kwake, kwenye cherehani yake ya umeme, huku machozi yakidondokea kitambaa.

Kwa yule ambaye gazeti hili limemfikia leo likiwa limefungia kipande cha sabuni, nitasema kwa kifupi. Fundi ni binti anayeshona nguo, na Mzee Toroli alikuwa baba yake mzazi. Alizikwa mwaka jana, na nusu ya mtaa ilikuwepo. Sasa Idara ya Usafi ya halmashauri ikampelekea Fundi kazi ya kushona makoti ya wasimamizi wapya, na koti la kwanza kabisa lilikuwa la baba yake.

Mmeelewa? Halmashauri ilimpandisha cheo maiti. Alipokuwa hai alisukuma toroli la taka mpaka bega likalegea, wala hakuna aliyemwona. Alipokufa ndipo wakubwa walipogundua kuwa anajituma kazini.

Fundi hakuvumilia. Kwenye ukuta wa halmashauri kuna maandishi makubwa ya rangi nyekundu, UKIONA WIZI TOA TAARIFA, na namba ya simu chini yake. Akaipiga. Akapokea Mkaguzi, mtu wa makao makuu, akamshukuru, akampongeza kwa uzalendo, akamwita leo hapa ofisini kwa Bwana Tai ili mambo yamalizwe mbele ya macho ya wote.

Mlangoni akawekwa Askari. Sharti lilikuwa moja: Mzee Toroli akionekana yu hai, Fundi anaondoka na Askari kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo, na analala mahabusu. Hayo ndiyo tuliyoyaacha. Turudi kwenye koti.

Ndani ya koti alikuwamo Baba Mdogo.

"Huyu hapa," alisema Bwana Tai, mkuu wa Idara ya Usafi, akikunjua mikono kama mwenye harusi. "Mzee Toroli mwenyewe. Anapumua. Mkaguzi, ukitaka mguse."

Hili jina la Bwana Tai alipewa na wafagizi. Mwenyewe amelipenda, anadhani ni kwa sababu ya ile tai nyekundu anayoning'iniza shingoni hata siku za joto kali. Sijui nani atamweleza kwamba wanamaanisha yule ndege.

Mkaguzi hakumgusa mtu. Alikuwa mwembamba, mpole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuguza. Tangu aingie alikuwa akigawa pole: alimpa Fundi pole ya jua, alimpa Askari pole ya kusimama, alimpa pole hata mhudumu aliyejimwagia chai.

"Pole, mzee, kwa kukusumbua," alisema sasa. "Kaa."

Baba Mdogo akakaa. Vifungo vya koti vilikataa kukutana tumboni, akaviacha vitazamane.

"Huyo ni baba yangu mdogo," alisema Fundi kwa hasira.

"Baba yake," akadakia Bwana Tai. "Mkaguzi, naomba hiyo iandikwe. Amekiri baba."

"Mdogo. Nimesema baba mdogo."

"Mdogo, mkubwa, hayo ni mambo ya kimo. Baba ni baba."

Askari alikohoa pale mlangoni. Nadhani alikuwa anacheka, lakini kazi ni kazi.

"Mwanangu," alisema Baba Mdogo kwa huzuni kubwa, "wananiambia unanitangazia kifo. Nimekukosea nini?"

Huyu Baba Mdogo nimemfahamu muda mrefu, na nitawaambia ukweli: amejaribu kila njia ya kuishi isipokuwa kufanya kazi. Siku ya msiba wa kaka yake alilia kuliko wajane wote wa mji huu. Wageni walipotawanyika, viatu vya marehemu navyo vikawa vimetawanyika.

"Hata viatu vyake umevaa," alisema Fundi.

Baba Mdogo alivitazama, akavirudisha chini ya kiti taratibu.

Fundi alimgeukia Mkaguzi. "Bwana Mkaguzi, mtazame bega. Baba yangu bega la kushoto lilishuka kwa sababu ya kazi. Nilipoambiwa nishone lile koti, mkono ulikataa kushona bega la mtu mwingine. Nimelishusha. Tazama linavyomkaa huyu."

Kweli, koti lilikuwa limempinda Baba Mdogo, kola imemkimbilia sikioni.

Mkaguzi alitazama kwa makini. "Pole, binti," alisema. "Lakini koti kukaa vibaya si ushahidi. Pengine ni fundi."

Bwana Tai alicheka mpaka akashika meza. Ofisi yenyewe mngeiona. Ukutani pana cheti kwenye fremu, IDARA BORA YA USAFI, na chini yake kapu la takataka limejaa mpaka ganda la ndizi linaning'inia. Viti bado viko ndani ya nailoni ya dukani, vinalia kila mtu akijigeuza. Na humo ndimo baba wa watu alimofufuliwa.

"Mzee," Mkaguzi akamwuliza Baba Mdogo, "kabla ya cheo ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Toroli."

"Ulikuwa unalisukuma au unalivuta?"

Baba Mdogo alimtazama Bwana Tai. Bwana Tai akajikuna pua.

"Inategemea na toroli lenyewe," alisema Baba Mdogo.

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, akaandika, kana kwamba ameambiwa jambo la maana. Fundi alimkodolea macho. Mtu huyu aliyempongeza kwenye simu, mbona leo anamezwa na kila upuuzi? Akajiambia labda ndivyo wakaguzi wanavyofanya kazi, wanawaacha wezi wajimalize wenyewe. Masikini Fundi. Moyo safi ni mzigo.

"Haya," alisema Mkaguzi, akafungua kalamu nyingine, ile ya kutia saini. "Nimemwona mtu. Ana koti, ana kitambulisho, na akiitwa anaitika. Mimi sina la zaidi. Binti, pole sana."

Askari alijinyoosha. Alishasogeza mguu mmoja ndani.

"Mwiteni mama yangu," alisema Fundi haraka. "Mjane wake. Yeye ndiye aliyemuuguza, yeye ndiye aliyemfumba macho. Mwiteni aseme kama huyu ndiye mumewe."

Alidhani Bwana Tai atababaika. Bwana Tai alitabasamu meno yote yakaonekana.

"Tumeshamwita," alisema. "Tena tumempelekea gari la halmashauri. Yuko hapo nje anapandisha ngazi."

Fundi alishusha pumzi. Mama yake. Ulimi wa mama yake ulijulikana mpaka sokoni, wauza vitunguu walikuwa wakipunguza bei kabla hajafungua mdomo. Huyu Bwana Tai amejichimbia shimo mwenyewe, alijiambia, sasa ataona.

Hakujiuliza kwa nini mtu anayejichimbia alikuwa anatabasamu. Nyinyi jiulizeni.

Mama aliingia polepole, akishika kitasa cha mlango. Hakulitazama koti. Alimtazama Mkaguzi kwanza, akasimama pale pale. Fundi alidhani anatafuta pa kukaa. Mkaguzi naye aliinamia mkoba wake kutafuta kitu, akakitafuta muda mrefu.

"Mama," alisema Bwana Tai kwa sauti ya asali, "hatutaki kukuchosha. Neno moja tu. Huyu mzee mwenye koti ni nani yako? Fikiria vizuri kabla hujajibu. Fikiria nyumba yako, fikiria watoto wako, fikiria kila mwezi unavyopita."

Hayo ya kila mwezi Fundi hakuyaelewa. Mama aliyaelewa. Alikaza midomo.

Na hapo, kabla Mama hajasema lolote, ndipo likatokea lile ambalo Bwana Tai, pamoja na shahada zake na semina zake zote, hakulipangia.

Baba Mdogo ni mvivu, ni mwongo, ni mwizi wa viatu. Lakini alilelewa na mama mkali, na kuna kitu kimoja alichapwa mpaka kikaingia kwenye mifupa: mke wa kaka yako akiingia mahali, unasimama, unampisha kiti. Amefanya hivyo tangu yuko kijana. Amefanya hivyo hata akiwa amelewa. Mwili ulijiinua wenyewe, nailoni ikalia.

"Karibu, shemeji," alisema. "Kaa hapa, shemeji. Watoto hawajambo?"

Mhudumu wa chai alikuwa anapita na trei, akasimama nayo hewani.

"Shemeji?" aliuliza Askari kutoka mlangoni. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Mzee, mke wako ni shemeji yako?"

Baba Mdogo alikuwa bado ameinama, mkono umeelekea kwenye kiti. Jasho jembamba lilianza kumtoka chini ya kola.

"Ni utani wao," alisema Bwana Tai. "Utani wa nyumbani. Wengine huitana mpenzi, hawa wanaitana shemeji."

"Ndiyo," alisema Baba Mdogo. "Ni mahaba."

"Mahaba," alisema Mama. Hakusema lingine, akakaa.

"Mimi nina shemeji," alisema Askari. "Siku nikimchanganya na mke wangu, silali ndani."

"Wewe kazi yako ni mlango," alisema Bwana Tai.

"Nimeusimamia, mkuu. Lakini masikio hayana zamu."

Fundi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alimtazama Mkaguzi, akingoja aandike. Mkaguzi alikuwa anaisafisha miwani yake.

"Ulimi huteleza," alisema Mkaguzi taratibu. "Mtu mzima akichoka huweza kumwita mkewe jina lolote. Mzee, hebu tusaidie. Huyu mama ni nani yako?"

Swali lilikuwa rahisi. Mtoto wa chekechea angelijibu. Baba Mdogo alimtazama Mama, akafungua mdomo, na ninaapa alijaribu. Alijaribu kulisema neno mke. Lakini macho ya Mama yalikuwa juu yake, na Mama hakuwa anapepesa.

"Ni... ni huyu," alisema. "Mama watoto."

"Watoto wa nani?" aliuliza Mama.

"Wa kaka," alisema Baba Mdogo.

Bwana Tai alipasuka. Mvumilivu si yeye, na mtu aliyezoea kuwafokea wafagizi hawezi kubadilika kwa ajili ya mgeni wa makao makuu.

"Mjinga wewe," alisema, akimkaribia Baba Mdogo na tai ikimpepea. "Jambo moja. Jambo moja tu nilikwambia, ukae kimya. Nimekushonea koti, nimekupa nauli, nimekufundisha jana kutwa, na huwezi kukumbuka kwa nusu saa kwamba una mke. Marehemu kaka yako alikuwa na akili mara mia kuliko wewe."

Hata feni nafikiri ilisikia.

Bwana Tai mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kusikia alichosema. Mkono ulipanda kwenye tai, ukaishika, ukabaki hapo.

"Marehemu nani?" aliuliza Fundi.

Sikilizeni, wasomaji wangu. Angeweza kusema kaka yako, akaishia hapo, na sote tungekosa mahali pa kumshika. Ameweza kusema uongo mbele ya madiwani, mbele ya wajumbe, mbele ya kamera. Lakini kumtaja mtu aliyekufa bila kumwita marehemu, hapo mdomo wake ulimshinda. Mwizi wa watu, lakini ana adabu. Nchi ina wezi wa kila namna, nasi tumejaliwa hawa waliolelewa vizuri.

"Nilimaanisha kaka yake mwingine," alisema Bwana Tai.

"Walizaliwa wawili tu," alisema Mama.

Baba Mdogo alikaa chini kwenye sakafu. Hakuanguka, alikaa tu, kama mtu aliyefika nyumbani. Kifungo kimoja cha koti kilikatika kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Askari, na Askari akakiokota, akakitia mfukoni kwa uangalifu.

Fundi alisimama. Alijiona kama mtu aliyebeba ndoo kichwani kwa mwaka mzima na sasa ameitua. "Bwana Mkaguzi," alisema, "umesikia kwa masikio yako. Nilichotaka ni kimoja tu. Baba yangu mwacheni afe. Mwacheni apumzike, mmemfanyisha kazi vya kutosha."

Mngetegemea nini hapo? Pingu, sivyo? Mimi nami nilitegemea pingu. Tusubiri.

Mkaguzi alivaa miwani yake. "Pole pole," alisema. "Hapa pana jambo, sikatai. Lakini jambo lenyewe lina mikono mingi, binti yangu, na mimi nikiandika naandika yote." Akamgeukia Baba Mdogo pale sakafuni, akainama, sauti ikazidi upole. "Pole, mzee. Mshahara wa Toroli unaula peke yako?"

"Peke yangu?" Baba Mdogo alilia sasa, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli kwa kuwa yalikuwa ya kujililia mwenyewe. "Mimi napewa cha kunyoa ndevu tu. Fungu kubwa ni la Bwana Tai. Na shemeji naye anapelekewa chake kwenye bahasha kila mwezi, kwa nini mimi peke yangu niwe mwizi?"

Fundi aligeuka.

Mama alikuwa anatazama mikono yake.

"Mama?"

"Ni kweli," alisema Mama.

"Ulisema ni akiba ya chama. Ya kile chama chenu cha akina mama."

"Nilisema."

"Na cherehani yangu?"

Mama hakuinua macho. "Na cherehani."

Acheni nikae kidogo na Fundi hapo, maana hakuna mwingine mle ndani aliyestahili hilo. Ile cherehani ya umeme aliipiga busu siku ilipoletwa. Aliitandikia kitambaa kila jioni. Juu yake ndipo aliposhona lile koti huku akilaani watu wanaokula mshahara wa baba yake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, kisha akaona hasira, na hakujua amkasirikie nani kwanza.

"Ulijua pesa zinatoka wapi?" aliuliza.

"Mwanzo sikujua. Niliambiwa ni mfuko wa halmashauri wa kuwafariji wajane. Baadaye nikajua."

"Ulipojua ukafanya nini?"

"Nikaendelea kupokea," alisema Mama. "Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kupata wateja."

Bwana Tai alifufuka. Mngemwona, tai imenyooshwa, kifua kimerudi mbele, amekaa kwenye kona ya meza yake mguu unaning'inia. "Basi ndiyo hivyo," alisema. "Tulikuwa tunamtunza mama yako. Shukrani yake ndiyo hii."

"Binti," alisema Mkaguzi, akisogeza kiti chake karibu na Fundi mpaka magoti yakakaribiana, "pole sana, najua linauma. Sikiliza. Taarifa ni yako, umeitoa wewe. Ukisema ulikosea, naichana sasa hivi. Askari anarudi kituoni, kila mtu anarudi kwake. Bwana Tai atamwondoa mzee wako kazini kimya kimya, utapata ulichotaka. Lakini ukisema niendelee, nitaandika kila aliyekula." Alimtazama Mama. "Na mama yako amekula."

"Sikiliza ushauri wa watu wazima," alisema Bwana Tai.

"Damu, mwanangu," alisema Baba Mdogo kutoka sakafuni. "Sisi ni damu."

Fundi hakuwajibu hao wawili, wala mimi nisingewajibu. Alimtazama mama yake. Mama alikuwa amekonda tangu msiba, mkufu wake ulikuwa unamcheza shingoni. Mahabusu ya mji ule Fundi aliijua, aliwahi kupeleka sare za askari pale, na harufu yake ilikaa kwenye nywele zake siku nzima. Aliisikia sauti ya mama yake mle ndani, akiomba maji. Machozi yakamjaa.

Akamkumbuka na baba yake. Mzee Toroli aliwahi kuokota pete ya ndoa kwenye taka, akapoteza Jumapili yake akigonga nyumba kwa nyumba kumtafuta mwenyewe. Wenzake walimcheka mwaka mzima. Leo jina lake limeshonwa kwenye kifua cha mwizi, na aliyelishona ni yeye.

"Andika," alisema Fundi.

Mkaguzi alikuwa hajategemea neno hilo. "Niandike nini?"

"Yote. Mwandike Bwana Tai. Mwandike Baba Mdogo, na viatu vyake."

"Na huyu mama?" Mkaguzi alisema polepole sana, ili kila neno limchome. "Yeye nimwandike nani?"

Fundi alifuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Mwandike mama yangu," alisema.

Bwana Tai alishuka mezani. Mama aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu bahasha itajwe, akamtazama binti yake muda mrefu, kama anayemwona mtu aliyerudi safari.

Mkaguzi hakuandika. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Samahani," alisema Askari. "Hiyo bahasha, mama, nani alikuwa anakuletea?"

"Hilo si la muhimu kwa sasa," alisema Mkaguzi.

Alilisema haraka. Mtu aliyesema kila kitu taratibu tangu asubuhi, hili alilisema haraka, na Fundi akamtazama.

"Bwana Tai mwenyewe?" aliuliza Fundi.

"Mimi?" alisema Bwana Tai. "Mimi niende kwenye vile vichochoro?"

"Baba Mdogo?"

"Ningeifikisha?" aliuliza Baba Mdogo, na kwa hilo sote tulimwamini.

Mama alisimama. Alikifunga upya kitambaa chake cha kichwa, akakaza fundo.

"Nilikuwa nanyamaza kwa ajili yako," alimwambia binti yake. "Niliogopa wakikugusa. Sasa kama wewe umeweza kunitaja mimi, mimi nitashindwa kumtaja nani?"

Akamgeukia Mkaguzi.

"Baba," alimwambia kwa adabu zote, "tangu niingie humu ndani nimekuona umempa pole kila mtu. Binti yangu umempa, mpaka huyu wa sakafuni. Mimi tu hujanipa. Kila mwezi unaponiletea bahasha pale kwangu, ukikalia kile kiti cha mume wangu, pole ya msiba huwa hukosi kunipa. Leo imekuwaje?"

Kalamu ilidondoka.

Fundi alikumbuka ule ukuta wa halmashauri, zile rangi nyekundu, ile namba. Akakumbuka sauti iliyopokea, jinsi ilivyompongeza. Akashika mgongo wa kiti cha mama yake.

Askari aliingia ndani kabisa, akaufunga mlango kwa kisigino. Aliinama akaiokota ile kalamu, akaipangusa kwenye suruali, akanyoosha mkono mwingine.

"Mkaguzi, pole," alisema. "Naomba na hizo karatasi."

Mkaguzi alimtazama, kisha akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile. Hakutoa karatasi. Alitoa simu, akabonyeza namba moja tu, akaiweka sikioni.

"Mkubwa," alisema kwa upole ule ule, "pole kwa usumbufu. Yule fundi amekataa kufuta taarifa."